Askari wa baiskeli aanze kwa kujua kwenda polepole

Kila nikipokea kundi jipya la askari hapa Dodoma, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, tutaikimbiza vipi bodaboda kwa baiskeli?" Hamtaikimbiza. Tazama namba yake na upande ilikoelekea, sema kwenye redio, wenye gari na pikipiki wataimalizia. Doria ya baiskeli ina kazi yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nenda soko la Majengo jioni. Mitumba imetandazwa hadi barabarani, bajaji zimejipanga, mikokoteni inapenya. Gari la polisi likiingia pale linakwama, na mwizi ameshaliona tangu mbali. Hata huko Seattle, Marekani, ambako doria ya baiskeli ya kisasa ilianza 1987, sababu ilikuwa magari kukwama katikati ya mji. Askari aliye juu ya baiskeli huona juu ya vichwa vya watu, husikia ugomvi kabla haujakolea, na mama muuza karanga humwita kwa jina. Akisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", anaitikiwa.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza simruhusu mtu kukimbia. Napanga makopo ya rangi matupu uwanjani, kila moja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, na askari apite katikati bila kuweka mguu chini. Gia nyepesi, breki ya nyuma imeguswa kidogo, huku miguu ikiendelea kusukuma pedali. Macho yawe kule unakokwenda, maana ukilikodolea macho kopo utaligonga.

Waliokulia vijijini, waliobeba magunia ya mkaa kwa baiskeli za Phoenix, hupita makopo asubuhi ya kwanza. Shida yao ni breki ya mbele: wanaiogopa, wamezoea ya nyuma tu. Nawarudisha mara nyingi mpaka vidole vizoee, kwa sababu unaposimama ghafla uzito wote huja mbele, na breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Muhimu ni kurudisha makalio nyuma na kuibana taratibu.

Kushuka nako kuna namna yake. Unashukia kushoto, upande usio na mnyororo, baiskeli ikiwa bado inatambaa, kisha unaiacha ikae kati yako na mtu unayemhoji. Ni ngao.

Kuhusu vifaa, naanza na mkanda, kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Askari mmoja aliteleza kwenye mchanga, akaanguka chali juu ya pingu alizozifunga katikati ya mgongo. Alishindwa kuinama kwa wiki nzima. Tangu hapo hakuna kitu kigumu kinachokaa kwenye uti wa mgongo: pingu, redio na kirungu vyote vinakwenda pembeni. Helmeti, glavu na miwani ni lazima, na miwani hapa ni ya vumbi kuliko jua. Miezi ya upepo wa kiangazi utanielewa. Tandiko liinuliwe mpaka kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke. Askari wengi huliweka chini wakidhani ni usalama, kisha magoti yanawauma.

Halafu kuna mbigili. Tunda lake kavu hupasuka vipande vyenye miiba, na kila kipande kikilala chini mwiba mmoja huangalia juu. Tairi nyembamba za lami hazidumu hata siku moja kwenye njia za pembezoni mwa mji. Nunueni tairi pana zenye mpira mnene, mweke utepe mgumu wa plastiki kati ya tairi na tyubu. Nawasihi wanaopanga bajeti: punguzeni baiskeli mbili, mpate tyubu za akiba, pampu na viraka kwa zilizobaki.

Na kila askari azibe pancha mwenyewe. Kosa ninaloliona sana ni kubadilisha tyubu na kuuacha mwiba ndani ya tairi, kisha pancha ya pili inatokea mita mia mbili mbele. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Kikinasa, hapo ndipo ulipo. Ung'oe kwa koleo, pitisha kitambaa tena, ndipo uweke tyubu.