Spana ya toki ya bei nafuu: angalia kipimo kabla ya bei

Toyota nyingi ndogo zinazotembea mjini Tabora, kama IST, Vitz na Corolla, nati zake za tairi hukazwa kwa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni mita 103; spana ya toki ndiyo huipima nguvu hiyo. Nenda dukani na namba hiyo kichwani, au ile iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Wengi huumia kwa kuchukua saizi isiyolingana na kazi yao, si kwa kuchukua spana rahisi.

Spana inayolia ikifika kipimo huaminika zaidi kuanzia asilimia 20 ya namba yake ya juu. Yenye kichwa cha nusu inchi, ya 40 hadi 200, inaiweka 103 katikati, mahali pazuri kabisa. Bolti ya kumwagia oili kwenye IST inataka kama 37, kwa hiyo spana hiyo haiifai; hapo inahitajika ndogo yenye kichwa cha 3/8 ya inchi, ya 20 hadi 110. Ukiwa na hela ya moja tu, anza na ya tairi. Plagi mpya ya milimita 14 yenye washa yake unaweza kuifunga bila toki: izungushe kwa mkono mpaka ikae, kisha ongeza nusu mzunguko, usizidi theluthi mbili.

Kuna pia ya mshale unaoonyesha toki kwenye namba, isiyo na springi ya kuchoka. Mshale ukihama sifuri unaukunja taratibu urudi. Ubaya wake ni kwamba lazima uisome ukiwa umeitazama wima, na chini ya gari hilo ni gumu. Hata hivyo, kati yake na ile inayolia lakini haina cheti wala kiwango cha usahihi kilichoandikwa, mimi nachagua ya mshale. Kwa inayolia, tafuta maandishi ya asilimia 4 juu au chini: kwenye 103 hiyo ni kati ya 99 na 107, inatosha kabisa kwa tairi.

Ukifika nyumbani, ipime. Bana kichwa chake cha mraba kwenye vaisi (jiriwa), spana ilale mlalo. Pima kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya mpini. Tuseme ni sentimita 40. Tundika hapo katikati ya mpini mzigo wa kilo 20, ukiushusha polepole bila kuudundisha. Kilo 20 mara 9.81 mara 0.40 ni 78.5, na uzito wa spana yenyewe huongeza mbili au tatu, jumla kama 81. Ukiiseti 75 lazima ilie. Ukiiseti 87 isilie. Ikikosea hapo, irudishe dukani. Mzigo upime kwenye mizani ya sokoni, usikisie kwa ndoo: ya lita 20 ikiwa na asali inazidi kilo 27, wakati ya maji ni 20 na uzito wa ndoo.

Sasa nyuzi, yaani mistari ya kuzungushia kwenye nati na bolti. Namba ya kitabu ni ya nyuzi kavu na safi. Ukipaka oili, msuguano unapungua, na toki ileile inaivuta stadi, yaani bolti inayoshika nati ya tairi, kupita kiasi mpaka irefuke au ikatike. Vumbi la barabara za huku hufanya kinyume: spana inalia na nati bado haijabana rimu. Piga brashi ya waya, futa, halafu anza kwa mkono.

Kaza kwa kuruka nati, msalaba kwenye nati nne, nyota kwenye tano, kwanza 50 kisha 103. Shika katikati ya mpini, vuta taratibu, ikilia mara moja acha. Usiongeze bomba, na usifungulie nati kwa spana hii. Kazi hiyo ni ya wili spana. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukimaliza, rudisha seti kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, lakini usilegeze kupita hapo, maana springi ikiachwa imebanwa inachoka na ikilegezwa mno inahama mahali pake.