Nyongeza ya eneo haipotei ukistaafu na kuhama

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya ndugu zetu walioajiriwa na serikali kuu ya Marekani: eti nyongeza ya mshahara ya eneo, yaani ile inayotegemea mahali unapofanyia kazi, haihesabiwi kwenye pensheni, na ukistaafu ukahamia kwenye maisha nafuu, pensheni inapunguzwa. Si kweli.

Kanuni ya kawaida huchukua wastani wa miaka 3 mfululizo ya mshahara mkubwa zaidi, nyongeza hiyo ikiwemo, kisha asilimia 1 ya wastani huo kwa kila mwaka wa utumishi. Anayestaafu na miaka 60, utumishi miaka 20, wastani dola 90,000, hupata dola 18,000 kwa mwaka kabla ya makato, akae Washington au Mwanza.

Chukua hati yako ya mshahara. Wengi walioajiriwa tangu 2014 hukatwa asilimia 4.4 ya mshahara kwa ajili ya pensheni. Piga hesabu: makato yanatoka kwenye mshahara wa msingi pamoja na nyongeza ya eneo.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani saa za ziada, bonasi na posho ya gharama za maisha ya Alaska na Hawaii kweli hazihesabiwi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mtu anaweza kuahirisha kurudi nyumbani kwa hofu isiyo na msingi.