Maneno ya Kitaino: Taja Chanzo Kabla ya Kusambaza

Tangu Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili uanze mwaka 2022, maombi yanayofika kitengo chetu cha nyaraka za lugha yameongezeka, na tunayapokea kwa furaha. Walimu, wafasiri na wanafunzi wa isimu hutuletea orodha za maneno ya Kitaino, lugha ya jamii ya Kiarawaki (lugha za wenyeji wa Karibi na Amerika Kusini) iliyosemwa Cuba, Puerto Rico na Hispaniola, yaani kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika, Wahispania walipofika. Wanataka tuzithibitishe. Nyingi hatuwezi, kwa kuwa hazisemi neno limetoka wapi.

Hakuna kamusi iliyotungwa na Wataino wenyewe iliyotufikia. Tulicho nacho kiliandikwa na wageni kama Wahispania Bartolomé de las Casas na Gonzalo Fernández de Oviedo, na kabla yao Ramón Pané, mtawa Mkatalani aliyeishi na Wataino wa Hispaniola na kumaliza taarifa yake mwaka 1498. Taarifa hiyo imepotea. Tunaisoma katika tafsiri ya Kiitaliano iliyochapwa Venice mwaka 1571, ndiyo maana jina la mungu ambalo Las Casas analiandika Yocahu Vagua Maorocoti linaonekana humo kama Iocahuuague Maorocon. Msisahihishe moja kwa kutumia jingine. Na mkikuta herufi x katika tahajia hizo, kumbukeni kwamba katika Kihispania cha enzi hizo ilisomwa sh.

Sentensi nzima ni chache mno. Pané ameacha hii: Dios naboria daca, "mimi ni mtumishi wa Mungu". Anasema wenyeji waliouawa baada ya kubatizwa walikufa wakiitamka. Dios ni Kihispania, naboria ni mtu wa tabaka la watumishi, na daca, "mimi", inakaribiana na kiambishi da- cha Kilokono, lugha ya Kiarawaki ambayo bado ina wasemaji Guyana na Suriname. Kwa maneno machache hivi, kila silabi ina thamani.

Kwa hiyo orodha yenye maelfu ya maneno na minyambuliko kamili ya vitenzi si Kitaino. Tumelieleza hili mara nyingi. Aghalabu ni Kilokono na Kigarifuna, lugha nyingine ya Kiarawaki inayosemwa Amerika ya Kati, vilivyobandikwa jina jingine. Undugu wa lugha hautoshi. Kizulu ni ndugu wa Kiswahili, lakini hakuna anayechota humo maneno akayaita ya Kiswahili.

Fomu ya uthibitisho ina safu nne: neno kwa tahajia ya chanzo, mwandishi, mwaka wa chapa na ukurasa. Umbo lililoundwa upya na wanaisimu huwekewa alama ya nyota mbele. Safu ikiwa tupu, fomu nzima hurudishwa, hata kama maneno mengine ni sahihi. Anayefuta nyota kwa makusudi husitishiwa kibali cha kusoma nyaraka, na maombi yake mengine husimama hadi atoe maelezo kwa maandishi. Mbatata inakubalika: ilitoka Kitaino, ikapita Kihispania na Kireno. Papai tunalirudisha, kwa kuwa wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake.

Tena, tafadhali msiandike kwamba Wataino wametoweka. Iliyonyamaza ni lugha. Wapo watu Puerto Rico, Cuba na Jamhuri ya Dominika wanaojitambulisha kuwa wazao wao, nao husoma tunachochapisha. Fomu zenye sentensi hiyo pia zitarudishwa.