Nondo ya shingo si ya kushushia nyuzi

Mtu akinunua gitaa la besi la bei rahisi na kukuta nyuzi ziko juu, mara nyingi hukimbilia kukaza nondo iliyo ndani ya shingo. Hapo ndipo besi nzima huharibiwa. Kazi ya nondo hiyo ni kudhibiti mpindo wa shingo unaoletwa na mvuto wa nyuzi. Kimo cha nyuzi juu ya shingo hupangwa kwenye daraja lililo mwilini mwa gitaa, kwa skrubu ndogo za kila tandiko (kipande kinachobeba uzi mmoja).

Anza na shingo. Tyuni nyuzi zote, bana uzi wa E (ule mnene zaidi) kwa kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 1, na kwa kidole kwenye freti ya mwisho, kisha pima pengo kati ya uzi na freti ya 7 kwa filagreji (vibati vyembamba vya kupimia mianya) ya fundi magari. Milimita 0.3 hadi 0.4 inatosha. Likizidi, kaza robo mzunguko tu, tyuni tena, pima upya. Rudia kupima kesho yake, kwani mbao huchelewa kutulia. Nati ya nondo ikigoma, acha! Nondo ikikatika, matengenezo yanaweza kuzidi bei ya gitaa.

Ndipo uende darajani. Kwenye freti ya 17, kimo cha milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G (uzi mwembamba zaidi) ni mwanzo mzuri. Mkwaruzo wa uzi kugusa freti ukisikika freti za mwanzo tu, shingo imenyooka mno: legeza nondo kidogo. Mkwaruzo ukiwa sehemu moja peke yake, kuna freti iliyonyanyuka, na nondo haiitibu.

Malizia freti ya 12: noti ya kubana ikiwa kali (juu) kuliko hamoniki yake (sauti ya kugusa uzi kidogo tu hapo juu ya freti), rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo.