Je, grammar school ya mbali lazima ishinde shule ya mtaani?

Wazazi wengi England huamini mtoto akifaulu mtihani wa 11-plus ni lazima aende grammar school, yaani sekondari ya serikali inayochagua wanafunzi kwa mtihani huo, hata iwe mbali, kwa sababu matokeo yake huwa juu kuliko ya shule ya mtaani inayopokea wote. Yapo juu kweli. Ila shule hizo, kama 163 hivi, huchuja watoto mapema, basi alama za mwisho pekee hazionyeshi shule imeongeza nini. Fungua tovuti ya serikali utazame Progress 8 ya 2024, kipimo cha maendeleo ya wanafunzi wakiwa sekondari: hulinganisha wanafunzi walioanza na kiwango kimoja. Kisha, na hili wengi hulisahau, panda basi la kwenda shule hiyo ya mbali saa moja asubuhi mwezi Novemba. Uliza pia la jioni, baada ya mazoezi ya mpira, kama lipo.