Sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo na usalama wa mtoto: maswali na majibu

Sabuni ya mashine ina tofauti gani na ile ya kuoshea vyombo kwa mkono?

Tofauti ni kubwa, na wazazi wengi hawaijui. Sabuni ya mkono hutengenezwa ikijulikana kwamba itagusa ngozi kila siku, ilhali ya mashine, iwe ya unga, ya maji au ya kidonge, huwa na magadi makali yanayoyeyusha mafuta na mabaki ya chakula pasipo kusuguliwa. Magadi hayo hayo huweza kuunguza midomo, umio na macho ya mtoto, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili, ambaye kila akionacho hukitia kinywani, hukidhania kidonge cha rangi kuwa ni peremende. Kwa hiyo sabuni iwekwe juu, katika kabati linalofungwa, wala si chini ya sinki, na itiwe mashineni mwisho kabisa, wakati mlango unapofungwa. Vyombo vikishaoshwa, tazama pia kisanduku cha sabuni, kwa kuwa mara nyingine hubaki bonge lililolowana, nalo ni kali vilevile.

Mtoto akiimeza, nifanye nini?

Usimtapishe, kwa sababu sabuni iliyounguza koo ikishuka italiunguza tena ikipanda. Mtoe mabaki kinywani, msukutue, na ikiwa anameza bila shida mpe maji kidogo kidogo, kisha umpeleke hospitali ukiwa na pakiti ya sabuni, hata kama hujaona dalili. Ikimwingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka nyumbani.

Je, ni kweli kwamba mashine hizi huota kuvu?

Ndiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Slovenia walichapisha uchunguzi wa mashine 189 za majumbani kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kuvu kwenye mpira wa mlango katika asilimia 62 ya mashine hizo. Mtu mwenye afya njema hana sababu ya kuogopa. Mgonjwa wa mapafu au mwenye kinga dhaifu ndiye wa kuangaliwa. Mpira huo ufutwe na kukaushwa mara kwa mara, na chujio lisafishwe.

Visu vipangwe vipi?

Ncha zielekee chini, au vilazwe kwenye trei ya juu, kwani mlango ukiwa wazi visu huwa karibu na uso wa mtoto anayejifunza kutembea.