Viini vinane, mstari mmoja wa kache

Wanafunzi ninaowasaidia hapa Dodoma wengi hushughulika na data za mvua. Msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo swali lao huwa lilelile: kila kipande cha ramani kilikaa siku ngapi bila mvua katikati ya msimu? Kazi hii inagawanyika vizuri mno, maana hesabu ya Bahi haisubiri ya Kongwa. Kila uzi (thread), yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, unapewa eneo lake, basi.

Lakini mara nyingi programu ya nyuzi nane huenda polepole kuliko ya uzi mmoja, na majibu yake ni sahihi kabisa. Hapo watu huanza kulaumu mashine.

Tazama hesabu zinaandikwa wapi. Utakuta safu ya vihesabio vinane, kila uzi na chake, na hakuna unaogusa cha mwingine. Kila kihesabio ni baiti 8, vyote vinane ni baiti 64. Sasa prosesa za Intel na AMD hazivuti baiti mojamoja kutoka kwenye kumbukumbu. Huvuta mstari mzima wa kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, na mstari huo ni baiti 64. Kiini kimoja (core), yaani sehemu ya prosesa inayoendesha uzi, kikiandika humo, nakala za mstari huo kwenye viini vingine zinabatilika papo hapo, na kila kinachotaka kuongeza moja lazima kiuvute upya. Ni kama makarani wanane wanaopima zabibu Hombolo, kila mmoja na ukurasa wake, ila daftari ni moja.

Dawa ni nyepesi: uzi uhesabu kwenye kigeu chake cha ndani, kisha uandike kwenye safu mara moja tu, mwishoni. Kwenye OpenMP, nyenzo ya kugawa kazi kwa nyuzi, kifungu cha `reduction` kinakufanyia hivyo. Kompaila nayo wakati mwingine hukuokoa kwa kuishikilia hesabu ndani ya rejista, hifadhi ndogo iliyo ndani ya kiini chenyewe, lakini usiitegemee.

Baada ya hapo ndipo uzungumzie kikomo cha kasi alichokieleza mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967. Kama asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, tuseme kusoma faili moja kubwa, hutavuka kasi ya mara 20 hata ukiwa na viini elfu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuomba seva mpya, endesha `perf c2c`, zana ya kupima programu, kwenye Linux. Itakuonyesha mstari unaogombaniwa, pamoja na sehemu ya programu inayougombania.